Mguu wa Kulia

Usiku mume wangu hukanyaga breki.
Kalala chali, kinywa wazi,
na mguu wa kulia unasukuma ubao wa kitanda
kana kwamba mteremko umeanza palepale kwenye shuka
na lori la saruji, limejaa, halisikii.
Miaka kumi na tisa. Ubao umebonyea.

Kwa hiyo likizo ilipozungumzwa
wifi yangu Mwanahija akataja Dar:
hoteli yenye bwawa na mtelezo wa plastiki,
watoto wadogo bure.
Hemedi akataka Moshi, akaone theluji,
japo kwa mbali, japo kofia tu ya mlima,
maana binamu yake wa Oslo katuma picha:
mbao mbili miguuni, mteremko mweupe,
meno yote nje.
Mimi nilikuwa nahesabu. Nyumba hii, wa kuhesabu ni mimi.

Shekiondo akafuta mdomo.
"Nataka pahala gari haliwezi kufika
hata nikilitaka."
Bwawa likakauka mezani.

Kigari chetu tukakiacha uani, Chuda, chini ya turubai,
kuku wakakifanya kiota.
Tukapanda basi la alfajiri hadi Mlalo,
na juu ya Mlalo barabara ikachoka
mbele ya ghala la viazi.
Kutoka pale ni miguu, na mizigo kichwani,
na Tunu akiuliza kila kona: bado?

Kwemkole ni nyumba kumi na nne na kanisa la bati.
Kwa shangazi Ernestina dirisha hufungwa kwa kijiti,
saa ya ukutani ilisimama zamani, inafutwa vumbi kila Jumamosi,
na ukungu huingia sebuleni bila hodi
ukakaa kwenye kochi kama mgeni wa mirathi.
Siku ya kwanza wanangu walinuna.
Siku ya pili walinuna kwa zamu.
Nikajuta kimoyomoyo, nikila bada la moto,
nikiwaza mtelezo wa plastiki.

Siku ya tatu, makelele.
Vijana wa pale wana vigari vya mbao,
magurudumu ya mbao, ekseli imepakwa parachichi lililooza.
Unakaa, unainua miguu, mlima unafanya uliobaki.
Hemedi alishuka akipiga yowe lililofika kanisani.
Alipanda tena. Alipanda mara thelathini, nilihesabu.

Kisha baba yao akasema, nipisheni.
Mwenye leseni ya magari makubwa,
mwenye kujua kila tuta la Segera kwa jina la matusi,
akakaa juu ya ubao, magoti masikioni,
na mguu wa kulia ukatafuta breki.
Haikuwepo.
Ukatafuta tena, ukapapasa hewa,
nikamwona amekubali.
Akapita mbele yetu kama gunia lililofunguka,
akaishia kwenye shamba la viazi la watu.
Kimya.
Halafu kicheko, kutoka kwenye matuta,
kicheko nilichoolewa nacho,
nilidhani tulikisahau nyumba ya kupanga ya kwanza.
Shangazi akatoka na mwiko: "Viazi vyangu hivyo!"

Asubuhi ya mwisho majani yalikuwa meupe.
Sakitu, akasema shangazi, inaunguza maharage,
wala hakuiona nzuri hata kidogo.
Tunu akakwangua akaijaza kwenye chupa ya dawa ya kikohozi
ampelekee Mwanahija theluji.

Tulipofika Mombo ilikwisha kuwa maji.
Hakulia. Alisema imelala.

Sasa ni Agosti, joto limerudi chumbani,
lori limerudi barabarani.
Usiku naweka kiganja juu ya goti lake, nasubiri.
Jana lilitulia hadi adhana.
Leo limeshtuka mara moja,
mara moja tu,
na sikujua kama anafunga breki
au anainua mguu.